Mama, nakula hivi

Singapuri, Jumapili usiku

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mwanao sijambo, namshukuru Mungu. Natumaini nyote mu wazima, na goti lako limepoa.

Jumapili iliyopita uliniuliza kwenye simu, "Huko unakula nini, mwanangu?" Nikajibu, "Nakula vizuri tu, mama," mara mtandao ukakata. Najua hukuridhika. Mtu aliyelisha stendi nzima miaka yote ile hawezi kuridhika na jibu la "vizuri tu". Basi leo nimekaa nikusimulie sahani kwa sahani.

Huku watu wengi hawapiki kila siku. Wanakula nje asubuhi, mchana na jioni, na wala si kwenye migahawa ya vitambaa vyeupe. Kuna majengo makubwa yaliyoachwa wazi ubavuni ili upepo upite, feni zinazunguka juu, meza zimechimbiwa chini, na vibanda vimepangana kama maduka ya sokoni. Wenyewe wanayaita hoka senta. Nchi nzima yako zaidi ya 110. Kila kibanda kina mpishi mmoja au wawili, mara nyingi mume na mke, na mara nyingi wanapika kitu kimoja tu. Wa wali wa kuku ni wa wali wa kuku. Wa tambi za samaki hagusi kingine. Kuna mzee hapa jirani na bweni letu anakaanga tambi tangu mimi sijazaliwa, na bado kila sahani anaikaanga peke yake, karai moja, mteja mmoja.

Siku za mwanzo nilikuwa naogopa foleni, sijui kuagiza, sijui nani anakaa wapi. Nikaona meza tupu ina pakiti ya tishu juu yake, nikakaa. Msichana mmoja akaja akaniambia kwa upole kwamba pale pana mtu. Kumbe tishu ile ndiyo mtu! Ukiweka pakiti ya tishu mezani umeshaishika nafasi, unaenda kupanga foleni bila wasiwasi, na hakuna atakayeigusa. Wapishi nao hawaitwi kwa majina. Mwanamume ni anko, mwanamke ni anti, hata kama hujawahi kumwona. Hapo nikajisikia nyumbani, maana wewe nawe pale stendi ulikuwa mama wa kila dereva na kila kondakta.

Kuna kibanda ambacho ungekielewa bila kuelezwa neno. Chakula kimepangwa kwenye trei nyuma ya kioo, vyombo ishirini na zaidi: mboga, tofu, mayai, samaki, kuku, nguruwe. Anti anakupakulia wali, wewe unaonesha kidole, hiki, na hiki, na kile, anakumwagia na mchuzi juu. Ni mama ntilie mtupu! Na mchicha upo, mama, mchicha wetu huuhuu, wanaukaanga na kitunguu saumu au wanaupika supu na dagaa. Mboga mbili na nyama moja ni kama dola nne za huku, karibu shilingi elfu nane za kwetu. Kwa mji ulio ghali namna hii, hicho ndicho chakula kinachoniweka hai mwanafunzi mimi.

Wali wa kuku nitakueleza taratibu, maana najua utataka kuujaribu. Kuku hakaangwi. Anatumbukizwa mzima kwenye maji yanayotokota polepole, yasichemke kwa fujo, kisha anapoozwa kwenye maji ya barafu ili ngozi ikaze na iwe laini kama jeli. Mafuta ya kuku yanayeyushwa, yanakaangia tangawizi na kitunguu saumu, mchele unaingia humo kwanza kama unavyofanya kwenye pilau, halafu ndipo unapikwa kwa supu ileile iliyomchemsha kuku. Wanaongeza na jani linaloitwa pandani, la ukoo mmoja na mkadi ule wa pwani ambao wanawake huchanganya na asumini. Sahani inakuja nyeupe, ukiitazama unasema huyu mgonjwa amepikiwa nini. Weka mdomoni. Wali wenyewe unatosha, kuku ni nyongeza. Pembeni kuna pilipili ya kusaga yenye ndimu na sosi nyeusi ya soya, nzito kama asali. Waliouleta walikuwa watu wa kisiwa cha Hainan, kusini mwa China, waliokuja huku kufanya kazi za jikoni.

Mwambie jirani yako wa vitumbua asiogope kuja kunitembelea. Kweli vibanda vingi vya Wachina wanapika na nguruwe, na hata tambi zisizo na nyama huenda zimekaangwa kwa mafuta yake. Lakini vya halali vipo, vina cheti kimebandikwa mbele. Hata mahali pa kurudisha trei pametengwa, za halali upande wake na zisizo halali upande wake, vyombo visichanganyike. Mimi kwa kuwa kitimoto hainikatazi, nimekula tambi za nyama ya kusaga zenye siki, aina ileile ambayo kibanda kimoja kilipewa nyota ya Michelin, tuzo kubwa ya mapishi, mwaka 2016. Nyota hiyo huwa wanapewa wapishi wa mahoteli makubwa ya Ulaya. Mwaka huo wakapewa wapishi wawili wa vibandani, watu waliosimama mbele ya jiko lao na aproni yenye madoa.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya niandike barua badala ya kusubiri simu.

Zamani mji huu wapishi hawa walikuwa barabarani, na mikokoteni na mabeseni, maji machafu wanamwaga mtaroni, kipindupindu na homa ya matumbo vikitembea. Walikuwa wanakimbizwa na wakaguzi, vitu vyao vinachukuliwa. Halafu mwaka 1968 na 1969 serikali ikawahesabu mmoja mmoja, wakapatikana kama 18,000, wakapewa leseni za muda. Kuanzia 1971 wakaanza kujengewa haya majengo, yenye bomba, umeme na mitaro, na kufikia 1986 barabarani hapakubaki mtu. Hawakuambiwa tu waondoke. Walioneshwa pa kwenda. Na Desemba 2020 UNESCO ikauweka utamaduni huu wa vibanda kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Niliposoma hayo nilikumbuka siku ile mgambo walipokuja nikiwa darasa la tano. Nilikuwa nimebeba sahani. Niliona sufuria ya maharage ikipigwa teke, maharage yakatapakaa kwenye lami yakitoa mvuke, na wewe ukainama ukaokota sufuria kwanza, ukaifuta kwa ncha ya kanga, ndipo ukanitazama. Kesho yake alfajiri ulikuwa unachambua maharage mengine. Hatujawahi kuizungumza siku ile, mama. Lakini kila ninapomwona anti wa hapa akifungua bomba lake mwenyewe, anaosha mchele wake, juu pana paa na hakuna anayegeuka nyuma kutazama nani anakuja, nakuona wewe umesimama pale. Ulistahili bomba. Ulistahili paa.

Wenyewe wanazeeka. Wengi ninaowaona wana miaka sitini na kuendelea, na watoto wao hawataki kazi ya kuamka saa kumi usiku na kusimama kwenye joto. Nikimlaumu kijana wao ninajilaumu mwenyewe, kwa sababu uliniambia soma usije ukarithi moshi, nami nikasoma.

Jana nilipanda hadi ghorofa ya pili ya jengo la Chinatown Complex, lenye vibanda zaidi ya 200, kutafuta wali wa chungu. Unapikwa kwa mkaa, mama! Wamepanga vyungu vidogo juu ya makaa, kila mteja chungu chake, mchele unaanza mbichi. Nilisubiri karibu saa nzima. Mwanamke anayepika alikuwa akiinamisha chungu upande, halafu upande mwingine, ili moto ulambe kuta zake. Ndani kuna kuku, soseji za Kichina na kipande cha samaki wa chumvi, harufu yake ni ng'onda kabisa. Unamwagia sosi nyeusi, unakoroga kuanzia chini, na chini kule, umegandamana, mwekundu, unalia ukiukwangua, ni ukoko. Watu wa hapa wanaupigania kama tulivyokuwa tunaupigania mimi na dada. Nilikwangua chungu mpaka yule mama akacheka.

Wazee wa Kihokkien, Wachina wenye asili ya mkoa wa Fujian, wakikutana, salamu yao ni "jiak pa buay", yaani umekula umeshiba? Ndiyo salamu yako ya kila Jumapili.

Kuna ndugu anarudi Dar mwezi ujao, nimempa chupa mbili za sosi na chungu kimoja, nimekifunga kwenye taulo. Kiloweke kwenye maji usiku mzima kabla ya kukitia motoni, kisipasuke. Ila ukipenda kiache kwanza. Nikija Desemba nitapika mwenyewe kwenye jiko lako la mkaa, na wewe utakaa kwenye benchi la wateja usubiri.

Msalimie dada na wanawe.

Mwanao akupendaye