Wenye ranchi wasikimbilie kuuza ardhi

Mhariri,

Naandika kuhusu mjadala wa kugawa ranchi za Taita Taveta vipande vipande na kuviuza. Nawasihi wenye hisa wenzangu tusiharakishe. Ranchi za Kasigau, kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi, zinapata fedha za hewa ukaa, yaani malipo ya kutunza miti inayofyonza hewa chafu, kwa kuiacha miti isimame. Ng'ombe nao hufaidika. Nimeona malisho yaliyopumzishwa msimu mmoja tu, nyasi zikifika magotini, na ng'ambo ya ua udongo mtupu ukipeperushwa na upepo.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamruhusu mwenye ardhi kuanzisha hifadhi ya wanyamapori. Kaunti itutumie maofisa wa malisho na wanasheria mikutanoni, kabla mkataba wowote wa mauzo haujatiwa saini.

Mwenye hisa,
Voi