Tenda ijayo ya vichwa vya treni, kazi ya kuvifungua ibaki Nairobi

Kwa Mhariri,

Tangu Watanzania waanze kupeleka abiria Morogoro kwa treni ya stima mwezi wa sita 2024, halafu Dodoma mwezi uliofuata, hapa Nairobi hatujapumzika. Ukipanda matatu, ukikaa kwa kinyozi, ukifungua simu, maneno ni yale yale, eti sisi tulikopa mabilioni tukaletewa treni ya dizeli ya kutoa moshi na majirani wakanyamaza kimya wakajenga ya kisasa. Naomba nafasi kidogo nami niseme yangu, juu naona tunabishana sana kuhusu moshi na spidi na kile chenye kitatula pesa miaka thelathini hakuna anayekigusa.

Kwanza tuelewane hicho kichwa cha treni ni nini. Wengi wanadhani dizeli ndiyo inazungusha magurudumu, na gia na propela kama kwa lori. La. Injini ya dizeli pale ndani inazungusha jenereta, jenereta inatoa stima, na hiyo stima ndiyo inashuka chini kwa mota zilizofungwa kwenye ekseli, mota zinavuta treni. Kwa hivyo Madaraka Express, treni yetu ya abiria ya Nairobi hadi Mombasa, ni treni ya stima tayari, ila tu stesheni yake ya kuzalisha inaibeba mgongoni. Na wale wanaosema waya ndiyo maendeleo na hakuna kingine, wakumbuke usiku wa Agosti 25 mwaka 2023 vile stima ilipotea karibu nchi nzima hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa giza. Treni yenye jenereta yake haingojei transfoma ya mtu. Simaanishi waya ni mbaya, waya ukiwa na stima ya kutegemewa ni bei nafuu na ni safi, siku ikifika tuuvute, lakini kutukana dizeli tu kwa sababu ni dizeli hiyo ni kelele.

Mimi kazi yangu ni kuriwaindi mota, yaani kuzifunga koili upya, Kariobangi Light Industries, za mashine za kusaga unga, za pampu, za lifti, kwa hivyo chenye mimi huangalia kwa treni ni mota. SGR ilikuja na vichwa 56, na vya abiria ni vitano tu, aina ya DF11, vilivyotengenezwa na kiwanda cha CRRC Qishuyan kule Changzhou, Uchina. Vilifika vikinukia rangi mpya mwaka wa 2017 lakini ramani yake ni ya miaka ya tisini, ndiyo Wachina walivutia treni kati ya Guangzhou na Shenzhen kwa kilomita 160 kwa saa, huku kwetu inakimbia 120. Mota zake ni za DC, stima ya kwenda upande mmoja. Fundi yeyote anajua hiyo maana yake, kuna kaboni za kupitisha stima zinasugua shaba ya komyuteta, ile ringi inayozunguka na mota, kila sekunde mota inazunguka, kaboni zinalika, vumbi lake jeusi linaingia kila mahali, ukichelewa kulipuliza unaona cheche, na cheche zikizoea shaba inachimbika mashimo, hapo lazima uitoe yote uipeleke kwa leithi ichongwe upya. Sisemi mota hiyo ni mbovu, hapana, ni mota ya nguvu na mtu wa Kariobangi anaweza kuifungua akaifunga akijua anachofanya. Nasema inataka mikono, na inataka mikono hiyo iwe karibu.

Sasa angalia vichwa vya dizeli vya abiria vinavyotengenezwa siku hizi. Marekani wana kitu kinaitwa Charger, cha Siemens. Ndani kuna injini ya Cummins ya silinda 16, nguvu za farasi 4,200 na kupita kulingana na modeli, inaenda mpaka kilomita 200 kwa saa. Mota zake ni za AC, stima ya kugeuka-geuka mwelekeo, hakuna kaboni, hakuna komyuteta, kazi yote ya kuamua mota izunguke vipi inafanywa na inveta za elektroniki, na injini hiyo hiyo moja inapeleka stima kwa mabehewa ya nyuma, taa, eyakondishena, jikoni, kila kitu. Hapo nakubali hiyo ni kisasa kweli. Fundi wa kaboni hana kazi pale, lakini inveta ikikataa hutaitengeneza na spana na mate, utataka mtu aliyesomea na kompyuta yake.

Lakini chenye kilinifurahisha kwa hiyo Charger si hizo inveta. Siemens ni kampuni ya Ujerumani, si ndiyo? Na vichwa hivyo haviundwi Ujerumani, vinaundwa Sacramento, California, na injini yenyewe inatoka Indiana. Kwa nini? Kwa sababu sheria zao zinasema pesa ya serikali ikinunua treni, hiyo treni itengenezwe humo humo nchini. Mjerumani hakubembelezwa wala hakuombwa kwa upole, aliambiwa ukitaka tenda njoo ujenge hapa, akajenga. Mashabiki wao wa treni nao hubishana kama sisi, pua yake mbaya, rangi haifai, ile ya zamani ilikuwa na sura nzuri, lakini wakibishana hivyo mshahara wa welda tayari uko Sacramento. Sisi tunabishana rangi na mshahara uko Changzhou.

Kuna mtu atasema Afrika haiwezi, na ataleta mfano wa Afrika Kusini. Mfano wenyewe ni mzuri, tuuangalie. Shirika lao la treni za abiria, PRASA, lilitoa kandarasi ya vichwa 70 kwa randi bilioni 3.5, vikitengenezwa na Vossloh kule Valencia, Uhispania. Vikafika 13, vya dizeli na mota za umeme, vilivyopewa jina Afro 4000. Mwaka wa 2015 magazeti yakatoa habari kwamba vimezidi kimo kinachoruhusiwa kwa reli yao! Ilikuwa kicheko nchi nzima, baadaye ikajulikana mkuu wao wa uhandisi aliyekuwa anajiita Dkt. hakuwa na shahada yoyote ya udaktari, na mwaka wa 2017 mahakama ikafuta kandarasi yote. Sasa niambie hapo shida ilikuwa ni Mwafrika kushindwa kutengeneza? Hakuna Mwafrika aliyetengeneza kitu pale, kila kitu kilitoka Valencia. Waliokosekana ni mafundi wa ndani wenye sauti, wa kushika futi na kusema mzee hii haipiti.

Na sisi tusicheke sana. Mwaka 2020 tulipoletewa zile treni za Nairobi za kwenda Ruiru, Limuru, Embakasi, Wakenya walipiga kelele eti ni mitumba. Ni kweli zilikuwa zimetumika, zilitoka kisiwa cha Mallorca, na kisa cha kuuzwa ni kwamba wenyewe walikuwa wanavuta waya wa stima kwa reli yao, na kwa bahati reli yao ni ya mita moja sawa na ile yetu ya mkoloni, kwa hivyo ziliingia bila shida ya upana. Hiyo naona ilikuwa akili, si aibu. Mtumba wenye unajua kuurekebisha ni afadhali kuliko mpya wenye kila nati inabidi upige simu ng'ambo.

Hapo ndipo nilitaka kufika. Kichwa cha treni kinaishi miaka thelathini, wakati mwingine arobaini. Kinanunuliwa mara moja halafu kinafunguliwa tena na tena, pistoni, laina, tabo, beringi, magurudumu yakichongwa, mota zikifungwa koili upya. Hizo ovaholi ndizo kazi yenyewe, ndizo zinalisha familia, na ndizo zinafundisha mtu mpaka siku moja anaweza kuunda. Nairobi si mgeni wa kazi hii. Nenda makumbusho ya reli pale karibu na stesheni uone Mount Gelai, nambari 5918, mojawapo ya Garratt 34, vichwa vya mvuke, zilizotoka kwa Beyer Peacock, Manchester, mwaka 1955 na 1956, dude la zaidi ya tani 250. Lilikuwa likichoka linafunguliwa kwenye karakana ya reli hapa hapa mjini, si kurudishwa Manchester.

Najua kuna mtu tayari anataka kunitajia Nyayo Pioneer, lile gari la Moi la 1990. Taja tu. Kiwanda kilichorithi ule mradi, Numerical Machining Complex, kiliwekwa ndani ya hiyo hiyo karakana ya reli, kwa hivyo mashine za kuchonga vyuma na reli zimekaa plot moja miaka yote hii. Kosa la Pioneer lilikuwa kuanza na gari zima siku ya kwanza na kamera zikiwa zimejaa. Mimi siombi tuunde kichwa kizima kesho. Naomba tuanze na breki za chuma za kuyeyusha, fremu za bogi, zile za kubeba magurudumu, za kuchomelea, magurudumu ya kuchonga, koili za mota, vitu vyenye kuna vijana wanavijua saa hii wako Kariobangi na Gikomba wanatengeneza geti.

Kwa hivyo reli ikisongezwa Kisumu na Malaba vile tumeahidiwa na vichwa vingine vikihitajika, viwe vya dizeli, viwe vya waya, hiyo kwangu ni sawa. Kwa karatasi ya tenda kuwe na ukurasa mmoja wa kusema ovaholi kubwa itafanyiwa Nairobi, na mafundi wangapi wa hapa watakaa kiwandani tangu bodi ya kwanza inapochomelewa, na vipuri gani vitatengenezwa hapa kwetu na kuanzia mwaka gani, na asiyetaka akae na kichwa chake.

Na wewe mhariri, ukipata nafasi tuma mwandishi akaulize serikali swali moja tu, kwamba kati ya vile vichwa 56 ni vingapi vimeshafanyiwa ovaholi kubwa, wapi, na kwa mikono ya nani. Mkichapisha jibu nitanunua nakala mbili, moja nibandike karakana.

Fundi wa mota,
Kariobangi, Nairobi.