YAH: SIMU YA KIBODI ILIYOUZWA KAMA MPYA, NA "MATENGENEZO" YAKE

Kwa Meneja wa Duka,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu ya waranti mmeyabandika wenyewe nyuma ya kaunta, kwa hiyo sitayanakili.

Nilichoagiza kilikuwa wazi: simu janja ya sasa yenye kibodi ya vitufe halisi. Pale Mwaloni, Kirumba, anayeandika uzito wa magunia ya dagaa kwa mikono yenye maji hawezi kutegemea kioo. Tone moja linabonyeza herufi ambazo hukuzigusa, na kidole chenyewe hakisomwi. Mhudumu wenu akatoa BlackBerry KEY2, akasema ni toleo la mwaka huu. Ndugu Meneja, KEY2 ilitoka mwaka 2018. TCL, waliokuwa wakiitengeneza kwa leseni, waliacha kuuza simu za jina hilo Agosti 2020. Ilikuja na Android 8.1 na haikupandishwa zaidi ya hapo. Toleo la mwaka huu mmelitoa wapi?

Kisha herufi za upande wa kushoto zikafa zote kwa mkupuo, pamoja na kisoma alama za vidole kilichomo ndani ya kitufe cha nafasi. Herufi moja ikigoma, fundi hutafuta uchafu chini ya kitufe chake. Kundi zima likigoma, huangalia fleksi, ule utepe wa waya wa kibodi, na soketi yake kwenye bodi: unazima simu, unafungua, unachomoa betri kwanza, unachomoa fleksi, unasafisha kwa spiriti, unairudisha mpaka ikae sawa, unajaribu. Bado? Unabadilisha kibodi nzima.

Fundi wenu hakushika hata bisibisi. Aliingia kwenye mipangilio, akawasha kibodi ya kwenye kioo, akaandika kwenye kadi ya kazi "imetengenezwa", akadai shilingi 15,000. "Mama, si unaandika sasa?" Nilipomwonyesha vitufe vilivyokufa, mhudumu akasukuma kitochi juu ya kaunta: "Kama unapenda vya kubonyeza, chukua hiki." Wateja wakacheka.

Na hayo ni baada ya kuambiwa simu imeingia maji, maneno yaliyosemwa siku ya kwanza ya kuirudisha, kabla hata haijafunguliwa! Wala sijagusia IMEI, namba ya utambulisho wa simu: inayotokea ukipiga *#06# haifanani na iliyo kwenye boksi. Duka la simu halikosi kujua kwamba namba hiyo huhakikiwa kwa kuituma kwenda 15090.

Narudia suala la fundi, kwa sababu nashuku kwamba kwenu lilionekana dogo. Simu imenunuliwa kwa ajili ya kibodi, na kibodi ndiyo mbovu. Mtu mnayemlipa mshahara anawasha kibodi ya kioo, ile ile niliyokuja kuikimbia, anaiita matengenezo, anapokea 15,000 na kutia saini. Kioo chenyewe ni cha inchi 4.5, kibodi ikijitokeza hapo inameza karibu nusu yake, huku chini vitufe 35 vimekaa kama meno bandia kwenye glasi. Halafu kitochi. Halafu kicheko.

Mwanzoni nilitaka kibodi ibadilishwe tu. Sasa nataka simu mpya kweli, na zipo: Unihertz walitoa Titan 2 mwaka 2025, yenye Android 15 na betri ya mAh 5050. Ije na boksi lake, IMEI zikifanana. Au nirudishiwe shilingi 620,000 za simu na 15,000 za fundi.

Hapana. Kila nikiisoma hiyo kadi ya kazi naona simu nyingine kutoka kwenu siitaki. Fedha tu, zote 635,000, ndani ya siku saba, na barua ya kuomba radhi yenye muhuri wa duka. Siku hizo zikipita, nakala ya barua hii na kadi hiyo zitafika TCRA Kanda ya Ziwa na Tume ya Ushindani. TRA nao watapenda kujua kwa nini mauzo haya yana karatasi ya mkono badala ya risiti ya EFD.

Simu ninayo. Mkimtuma mtu kuichukua aje na fedha, na asiwe yule fundi.

Mteja wenu,
Kirumba, Mwanza.