Vipimo vya maji ya Malagarasi vitangazwe kila asubuhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kwa mtu anayeishi mbali na mito linaweza kuonekana dogo, nalo ni ufuatiliaji wa kupanda na kushuka kwa maji ya mito ya mkoa wetu wa Kigoma, hasa Mto Malagarasi na mito midogo inayouingia. Utalii wa Kigoma unapotajwa, hutajwa Gombe, Mahale na Ziwa Tanganyika, lakini wapo sasa wanaoyatazama maporomoko ya Igamba, chini ya Uvinza, wakisema kwamba wageni wangeweza kuja kushuka mto pale kwa kayaki, yaani mitumbwi myembamba ya kupigwa kafi, na kwa boti za mpira kama wafanyavyo Jinja, kwenye Mto Nile nchini Uganda. Sipingi wazo hilo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilijifunzia huko Jinja kupiga kafi katika maji ya kasi. Ninachosema ni kwamba kabla ya kununua boti hata moja inatupasa kuwa na namba ya kimo cha maji, isomwe kila siku, itangazwe hadharani, na itangazwe kwa namna ambayo mtu anayeshika kafi anaweza kuitumia.

Kwa wasomaji ambao hawajakiona, kipimo cha mto katika umbo lake la kawaida ni ubao mrefu wenye alama za sentimita, uliosimamishwa kando ya maji mahali ambapo mkondo umetulia, na msomaji wake, ambaye mara nyingi ni mkazi wa kijiji cha jirani, huandika kimo katika daftari asubuhi na jioni. Sifuri ya ubao huo haiko kwenye sakafu ya mto, bali huwekwa mahali popote palipomfaa mtaalamu, kwa hiyo kipimo kikisoma mita mbili haina maana kwamba mtu atazama mita mbili. Wataalamu huja mara kwa mara kupima upana, kina na kasi ya mkondo, wakachora uhusiano uliopo baina ya kimo na wingi wa maji, ili siku nyingine wakipata kimo peke yake waweze kukadiria ni mita ngapi za ujazo zinazopita kwa sekunde. Mto ukichimba kitanda chake au ukikijaza mchanga, mchoro huo hauaminiki tena na kazi inabidi irudiwe.

Mpiga kafi, hata hivyo, haulizi swali lile analouliza mhandisi. Anataka kujua maji ya leo yamefanya nini na mawe ya mahali fulani anapokusudia kupita. Maporomoko hupangwa kimataifa katika madaraja kuanzia la kwanza, ambalo ni maji yanayokwenda kwa kasi ndogo na mawimbi madogo, hadi la sita, ambalo ni la hatari ya kifo hata kwa stadi wa hali ya juu; lakini daraja hilo halikuandikwa juu ya jiwe, maana poromoko moja hubadilika daraja kadiri maji yanavyopanda. Maji yakiwa machache mawe huwa nje, mtumbwi hukwaruzwa na kukwama, na aliyeanguka huweza kunaswa mguu katikati ya miamba. Yakiongezeka kidogo, maji huanza kumwagika juu ya lile jiwe na kujirudia nyuma yake, yakizunguka mahali pamoja, na hapo ndipo mtumbwi na mwenyewe hushikwa wasiachiliwe. Yakiongezeka sana, jiwe huzama kabisa, kule kujirudia hutoweka na kubaki mawimbi makubwa ambayo stadi huyapita bila taabu, ilhali kingoni maji yameingia kwenye miti na hakuna mahali pa kutua. Kwa sababu hiyo yule anayedhani kwamba maji mengi ndiyo hatari na maji machache ndiyo salama amekosea pande zote mbili, na anayesema “mto umejaa” hajasema kitu.

Tena mto unaopanda na mto unaoshuka si sawa, hata kama ubao unasoma namba ileile. Unaopanda hubeba magogo na, kwa Malagarasi, mafungu ya mafunjo yaliyong'oka kwenye mabwawa ya juu; unaoshuka huwa umeshasafisha njia yake. Namba moja bila ya jana yake ni nusu ya habari.

Sasa nifike kwenye Malagarasi yenyewe, kwa sababu mto huu una tabia yake na haufanani na mito tunayosimuliwa na wageni. Unaanzia karibu na mpaka wa Burundi, unaufuata mpaka huo kwa sehemu ya safari yake, kisha unageuka kuelekea kusini na kuingia katika ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhi oevu. Huko maji hutawanyika katika mabwawa na maziwa madogo, Nyamagoma na Sagara yakiwemo, na Mto Ugalla nao huleta maji kutoka upande wa Tabora. Bonde zima lina takribani kilomita za mraba 130,000, na mvua inayoanguka juu yake kuanzia Novemba hadi Mei haifiki Uvinza siku inayofuata, kwa kuwa mabwawa huishika, huijaza kwanza mbuga, kisha huiachia polepole, kiasi kwamba mto unaweza kuendelea kupanda katika siku ambazo anga ya Uvinza ni nyeupe na wakazi wameshaanza kusahau mvua. Mto Zambezi una tabia hiyohiyo, maana uwanda wa mafuriko wa Barotse, huko Zambia, huchelewesha maji hata yakafikia kilele chake kwenye maporomoko ya Victoria mwezi Aprili, na ndiyo maana waendesha boti za mpira wa pale, ambao kazi yao nzima inategemea kimo cha maji, hufunga sehemu za mto kipindi mvua inapokuwa imekwisha au inakaribia kwisha.

Kama ingekuwa Malagarasi peke yake, ufuatiliaji ungekuwa rahisi. Shida ni Ruchugi. Mto huo unatoka katika nyanda za juu za Kasulu, hauna bwawa la kuutuliza, na unaingia Malagarasi pale Uvinza, yaani juu ya Igamba. Mvua kubwa ya usiku mmoja huko milimani huweza kuufurisha kwa saa chache, ukamwaga maji yake juu ya mto ambao tayari umejaa kwa mwendo wake wa taratibu. Mtu anayetaka kushuka Igamba akisoma kipimo cha Malagarasi juu ya maungano hajui lolote kuhusu Ruchugi, na akisoma cha Ruchugi peke yake hajui amejengewa msingi gani wa maji. Ni lazima avisome vyote viwili, pamoja na habari ya mvua ya Kasulu. Huku chini Ilagala mambo hugeuka tena, kwa kuwa karibu na delta kimo cha mto hufuata pia kimo cha Ziwa Tanganyika, na wote tuliona miaka ya karibuni jinsi ziwa lilivyopanda likaingia katika majumba ya watu.

Nchi nyingine zilianza zamani. Idara ya Jiolojia ya Marekani ilianzisha kituo chake cha kwanza cha kupima mto mwaka 1889 huko Embudo, kwenye mto Rio Grande, na leo ina maelfu ya vituo ambavyo vingi vyake hurekodi kimo kila baada ya dakika 15 na kukirusha kwa satelaiti, kisha mtu yeyote mwenye simu akakisoma bila malipo na bila kuandika barua ya maombi. Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni jambo la bei ya kopo la rangi. Kabla ya satelaiti hizo, wapiga kafi wa mashariki mwa Marekani walipaka namba kwenye nguzo za madaraja, na sifuri yao waliiweka kwenye kimo cha chini kabisa ambacho mtumbwi ungeweza kupita bila kukwama. Aliyefika darajani aliona mara moja kama kuna safari au hakuna. Sioni kinachozuia jambo hilo lisifanyike Uvinza, kwa idhini ya wenye madaraja na baada ya misimu miwili mitatu ya kuandika katika daftari kila safari, kimo cha siku ile na hali ya kila poromoko, maana bila daftari hilo hata vipimo vya satelaiti havitamwambia mtu wa Igamba ni namba ipi inamfaa.

Niseme pia kuhusu bwawa la umeme. Mradi wa umeme wa megawati 49.5 wa Malagarasi uko palepale Igamba, na hakuna mwenye akili atakayeupinga kwa ajili ya kayaki. Lakini mitambo inapoanza kuyaongoza maji, mto wa chini haufuati mvua peke yake, unafuata pia uamuzi wa mtu anayefungua na kufunga malango, na kimo kinaweza kubadilika wakati wavuvi na wanaofua wamo majini. Jinja walipoteza maporomoko kadhaa bwawa la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012, na mengine yakafuata kwa bwawa la Isimba mwaka 2019. Kwa upande mwingine, huko West Virginia, jimbo la Marekani, mto Gauley hufunguliwa maji kutoka bwawa la Summersville kwa ratiba inayotangazwa mapema, mwezi Septemba na Oktoba, na maelfu ya watu hufika kwa siku hizo. Ratiba ya namna hiyo haihitaji mtambo mpya. Inahitaji tangazo, na tangazo hilo lingemfaa mvuvi wa Malagarasi kabla halijamfaa mtalii.

Najua nitaulizwa kuhusu mamba na viboko. Swali ni la haki. Stanley, yule mwandishi aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipovuka Malagarasi mwaka 1871 akielekea Ujiji, mamba alimnyang'anya punda wake, na ubao wa sentimita hauhesabu mamba. Ninachoweza kujibu ni kwamba wapo sehemu za maji yaliyotulia zaidi kuliko kwenye miamba, kwamba wenyeji wanazijua sehemu hizo, na kwamba hakuna safari inayopaswa kuanza bila mwenyeji.

Ombi langu ni kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo ofisi yake iko hapahapa mjini Kigoma, kwamba kimo cha asubuhi cha vituo vya Malagarasi, Ruchugi na Luiche, mto mwingine wa mkoa wetu wenye papara kama Ruchugi, kipelekwe kwa redio za mkoa kisomwe pamoja na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kikitajwa kituo, saa ya kusomwa, na kama maji yanapanda au yanashuka tangu jana. Msomaji wa kipimo alipwe posho yake kwa wakati na apewe vocha ya simu, kwa kuwa mnyororo wote huu unaanzia kwake, na siku asipoenda mtoni hakuna cha kutangaza. Wavushaji wa mitumbwi wasisahauliwe, kwani wao huingia majini kila siku ya mwaka na hawana fulana za kujiokolea kama wageni.

Na kwako, Ndugu Mhariri, naomba kona ndogo katika ukurasa unaochapa thamani ya fedha za kigeni. Naelewa kwamba gazeti likifika kwetu namba itakuwa ya jana au ya juzi. Kwa Malagarasi, mto usio na papara, namba ya juzi bado ina kazi. Kwa Ruchugi na Luiche haina, na hiyo itabidi tuiachie redio.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma