Usifunue Bakuli Kwanza

Mabatini, Mwanza
Jumatano usiku

Mama Kulwa shoga yangu,

Mwangaluka. Hamjambo hapo Nansio, kisiwani Ukerewe? Mgongo wa Baba Kulwa unaendeleaje? Sisi huku wazima, Bibi karudi Magu juzi na amefika salama, Neema yuko kwenye mitihani. Najua tangu msiba wa Mama Mkubwa nimekuwa kimya, na kimya hicho kinaniuma. Siku ya nne leo nakupigia, simu haipatikani. Kwa kuwa Kulwa anapanda meli kesho, nimeona nikae nikuandikie, maana jambo lenyewe haliwezi kusubiri mtandao.

Kabla hujaendelea kusoma: ndani ya hilo deli dogo la bluu la kutunzia baridi alilobeba Kulwa mna bakuli la plastiki lenye mfuniko. Litoe, lifute kwa kitambaa kikavu, liweke mezani penye kivuli LIKIWA LIMEFUNIKWA. Usifunue. Liache lipoteze baridi kabisa, hata saa nzima. Mengine nitakueleza mbele.

Sasa habari. Mama Rehema kaniagiza vidonge vya chokoleti 200 kwa ajili ya sendofu ya Rehema. Ni vile alivyovila kwangu Pasaka, akachukua na vya kwenda navyo. Nikakubali palepale, kwa sababu yule binti nimembeba mgongoni mwangu, na sitaki ale sendofu yake bila kitu kilichotoka mikononi mwangu. Lakini sendofu iko kwenu, si huku. Kati yangu na ukumbi kuna ziwa, na chokoleti na safari ya majini havipatani.

Huko Ulaya wanaviita trafuli, jina la aina ya uyoga unaochimbwa ardhini. Ukikiviringisha kidonge kwenye unga wa kakao, kinafanana na uyoga huo ulivyotoka na udongo wake. Neema yeye anaviita mawe, na mtu aliyekulia Mwanza, mji wa mawe, haulizi kwa nini. Wenzetu wanachukua biskuti za Oreo, wanazisaga, wanachanganya na jibini laini, wanaviringisha na kuchovya. Basi, hakuna oveni, hakuna kuoka. Hapo ndipo vilipopata nafasi kwangu, maana jiko langu unalijua: plati mbili za gesi na jiko la mkaa uani. Keki za sherehe nimekuwa nikiwaachia wenye oveni miaka yote. Hiki ni kitu cha kwanza cha sherehe ninachoweza kukifanya mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kwenye meza yangu.

Ile jibini niliiacha. Huku inapatikana supamaketi, bei yake ni kubwa, na isipokaa kwenye baridi muda wote inaharibika. Mimi natumia maziwa mazito matamu ya kopo, yale ya gramu 397. Sukari yake ni nyingi kiasi kwamba hayachachi upesi, kwa hiyo hata friji ikizimika sipotezi usingizi. Nachukua biskuti za Marie gramu 300, nazitia kwenye mfuko wa nailoni na kuzipondaponda kwa mti wa chapati, kisha nachekecha na kurudia chenga kubwa. Kwenye kinu sithubutu, kinu changu kina historia ya kitunguu saumu. Naweka kakao vijiko vinne vya mezani vya kujaa kawaida, chumvi ya ncha ya kidole, siagi gramu 75 iliyoyeyushwa, halafu robo tatu ya kopo la maziwa. Yale maziwa simimini yote kwa pamoja. Biskuti nyingine zinakunywa sana na nyingine hazinywi, kwa hiyo namimina kidogokidogo huku nakanda kwa mkono mpaka bonge likishikwa halipasuki na halibaki kiganjani. Likipasuka, kijiko kimoja cha maziwa. Likinata, chenga kidogo. Nalipeleka kwenye friji nusu saa, kisha naviringisha kimoja kimoja, gramu 15, saizi ya ndimu changa. Napata kama 45. Kwa hiyo kwa Mama Rehema ni mikupuo mitano, na vya akiba vinabaki.

Hapo hakuna shida. Shida ni mbili: harufu na joto. Nianze na harufu, maana ndiyo inayonihusu mimi na wewe.

Mwezi uliopita nilinunua biskuti katoni nzima kwenye duka moja mjini. Zilionekana nzuri, hazijavunjika. Nikaponda, nikakanda, nikaviringisha vyote 45, nikachovya. Neema akaonja kimoja, akanyamaza, akaenda kunywa maji. Nikaonja mimi. Sabuni. Si ladha ya mbali, ni sabuni ya unga kabisa, ile ya kufulia. Nilirudi dukani kuangalia: katoni za biskuti zimepangwa juu ya mifuko ya sabuni, bega kwa bega. Mama Kulwa, mafuta yanavuta harufu. Siagi, chokoleti, biskuti yenyewe, vyote vina mafuta, na chochote kilicho jirani kinaingia ndani na hakitoki tena. Nilimwaga vyote, na kopo zima karibu la maziwa. Niliumia. Tangu siku hiyo kila pakiti nainusa kabla ya kuifungua na baada ya kuifungua.

Sasa unaona ninakoelekea. Ombi langu ni deli. Vidonge 200 haviingii kwenye hili la bluu. Nahitaji deli kubwa lenye ukuta mnene, na mwenye madeli ya namna hiyo ninayemjua ni Baba Kulwa. Lakini shoga yangu, naomba lile ambalo HALIJAWAHI kubeba sangara. Hata siku moja. Najua mnayaosha, najua unayasugua kwa limau na majivu mpaka yanang'aa, mimi mwenyewe nimekuona. Pua yako na yangu haitasikia kitu. Chokoleti itasikia. Ikikaa humo kuanzia alfajiri mpaka jioni, mfuniko umefungwa, mgeni wa Mama Rehema ataweka kidonge mdomoni na atakumbuka mwalo wa samaki. Kama yote yameshabeba samaki, niambie tu bila kuona haya, nitaazima kwa yule dada wa juisi Kirumba. Ila ningependa litoke kwako.

Joto nalo. Mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wetu, ndiyo maana chokoleti nzuri inayeyuka ulimini bila kutafunwa. Na kabla ya kufika huko inakuwa imeshalainika, inashika alama ya kidole. Mchana wa hapa nyuzi 28 au 29 ni kitu cha kawaida, na huo ni mchana wa kivulini. Mzigo ukikaa juu ya sitaha juani, hesabu yake ni nyingine. Nimefikiria pia njia ya barabara, Bunda mpaka Kisorya kisha kivuko cha Rugezi, maji yenyewe ni mafupi. Lakini ndani ya basi lililosimama stendi ni tanuri, na mikono inayopokea mzigo ni mingi. Meli naiona bora.

Halafu kuna kuchovya kwenyewe. Jumapili nilikuwa nafanya majaribio. Chokoleti nayeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, bakuli lisiguse maji. Umeme ukakatika saa nane, friji ikanyamaza, nikawa naharakisha kabla mabonge hayajalegea. Nikafunua sufuria ya pembeni vibaya, mfuniko ukadondosha tone la maji ndani ya chokoleti. Tone moja tu, Mama Kulwa. Niliitazama ikibadilika machoni mwangu: ilikuwa inatiririka kama mafuta, mara ikakaza, ikawa chengachenga nzito kama ugali uliokosa maji. Ndivyo ilivyo, maji kidogo yanaishikanisha sukari na kakao, na ukikoroga unazidisha. Haichovyeki tena. Nilichofanya, niliongeza maziwa ya moto mengi kwa makusudi, ikalainika ikawa mchuzi, watoto wakala na mkate. Kwa hiyo sasa kila kitu kinachokaribia bakuli hilo, kijiko, uma, mkono wangu, nakifuta mara mbili.

Na ndiyo sababu ya kukukataza kufunua. Vidonge vikitoka kwenye baridi vikakutana na hewa ya ziwa, vinatoa jasho. Unaona chupa ya soda inavyolia ikitoka kwenye friji? Ni vilevile. Yale matone yakikaa juu ya chokoleti yanayeyusha sukari, yakikauka yanaacha mabaka na unato. Vikipoteza baridi vikiwa ndani ya bakuli lililofunikwa, matone yanakaa nje ya bakuli na vidonge vinabaki vikavu.

Humo ndani mna vidonge 12. Sita nimevichovya kwenye chokoleti, na sita nimeviviringisha kwenye karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Chini na juu ya bakuli kuna chupa za maji zilizogandishwa, nimezifunga kwa taulo. Barafu tupu sikutaka, inayeyuka na kuogelesha kila kitu. Kulwa nimemwambia akae nalo kivulini, asilifungue, asilikalie.

Mimi moyo wangu uko kwenye vya karanga. Karanga haziyeyuki, hazishiki alama ya vidole, na mtu wa kwetu akiuma anakutana na kitu anachokijua, kama kashata iliyolainika. Lakini Mama Rehema anataka ving'ae. Amesema mara tatu, ving'ae, kwa ajili ya picha. Na ninamwelewa, ni mwanaye wa kwanza. Kwa hiyo kama vya chokoleti vitafika vizuri kesho, nitafanya vyote vya chokoleti na sitabishana naye. Nimechagua ile ya kuyeyushia yenye mafuta ya mimea, ambayo ikipoa inaganda yenyewe na kung'aa. Ile ya siagi ya kakao tupu ni tamu zaidi, lakini isipopozwa na kupashwa kwa vipimo vyake inaganda na mabaka meupe, watu wanadhani ni ukungu kumbe ni mafuta yake yamepanda juu. Kakao ya unga lakini ni ya kwetu, ya Kyela, nimeagiza kwa jirani aliyekwenda Mbeya. Harufu yake ukifungua mfuko, nyumba nzima inajua.

Nilitaka nikuulize pia habari ya shamba la Bukindo, na yale maneno ya shemeji yako, lakini hayo si ya kuandika. Tutayaongea nikija. Maana nitakuja na mzigo mwenyewe, simkabidhi mtu. Nitapanda meli ya Ijumaa ya kuamkia sendofu, nilale kwako, Jumamosi asubuhi tupange sahani pamoja kama tulivyopanga za harusi yako.

Sasa nijibu, kwa Kulwa akirudi Jumapili au kwa simu yako ikifufuka. Vilifika saa ngapi, na ulifunua saa ngapi? Vya chokoleti vilikuwa vigumu au vilishikana? Vina mabaka? Ukikishika kimoja ukahesabu mpaka kumi, kidole kinaacha alama? Zile chupa zilikuwa bado na barafu ndani au yote yalikuwa maji? Deli lipo, lisilojua samaki? Ukumbini kuna friji, na jenereta je? Na kuna mtoto au mgeni yeyote asiyekula karanga? Muulize Mama Rehema vizuri, hilo si la kubahatisha, kuna watu karanga zinawafunga koo. Baba Kulwa akionja, alisema nini? Usinipambie, niandikie maneno yake yaleyale.

Na wewe mwenyewe, presha imekaaje? Dawa unameza kila siku au ukijisikia tu?

Neema anakusalimia, anasema anakumbuka machungwa ya Ukerewe. Kulwa umpe chakula cha maana, amekonda, kule anakokaa anajipikia. Wabeja sana shoga yangu.

Ni mimi,
Mama Neema

Vidonge ni 12. Kulwa anajua nimekuandikia idadi.