Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mafunjo, Moto na Zamu za Kukata

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama wa mikeka na vijana wa mitumbwi, salaam.

Hesabu za fedha anazo mhazini, naye atazisoma baada yangu, kwa hiyo sitamwingilia. Upande wa soko, mikeka na majamvi vimetoka vizuri, hasa hapa kituoni Nguruka siku za treni, na majamvi ya kuanikia muhogo hayakai. Mafunjo ya kuezekea ndiyo yamedorora kwa sababu watu wanahamia bati. Siwalaumu, hata nyumba yangu ina bati.

Kilichotugawa mwaka huu ni moto. Kiangazi kilipokolea, kipande kizuri cha kinamasi kiliungua, na vikao viwili vya kamati vikaishia kwenye kelele. Wako waliosema moto ni dawa, kwamba mafunjo yakichomwa huchipua marefu na laini. Wana nusu ya ukweli. Uhai wa funjo hauko kwenye bua tunalokata. Uko kwenye shina nene linalolala chini, ndani ya tope au ndani ya utando wa mizizi unaoelea, na humo ndimo mmea unamoweka akiba yake. Maji yakiwapo, moto unapita juu, shina linasalimika na linachipua. Maji yakikauka, moto unashuka hadi kwenye tabaka la mabua na mizizi iliyooza polepole kwa miaka mingi. Tabaka hilo huungua chinichini, moshi bila miali, na likiisha, shina nalo limekwisha. Mwenye kusifu moto aende akaangalie kile kipande sasa: ni nyasi tu, na nyasi zile hazisukiki.

Kukata ni suala jingine, na hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Bua la funjo huishi miezi, haliishi miaka. Likizeeka, kichwa chake kinageuka kahawia na bua linaanguka lenyewe. Kwa hiyo mundu si adui wa mafunjo. Adui ni kurudi mapema. Bua linapozeeka hurudisha chini sehemu ya chakula chake. Sisi tunalikata likiwa bichi, maana ndilo linalosukika, na chakula kile tunaondoka nacho mgongoni. Shina linaweza kuvumilia hasara hiyo mara moja, kisha lipewe muda. Likikatwa tena na tena kila baada ya miezi michache linadhoofu, na machipukizi yanatoka membamba. Akina mama wanaolalamika kwamba mafunjo ya karibu na mwalo yamekuwa mafupi, jibu ndilo hilo. Hakuna aliyeyaroga. Pale ni karibu, kila mtu anakata pale.

Kamati inapendekeza tukate kwa zamu: sehemu ikishakatwa ipumzike mwaka mzima, na ukanda wa upande wa maji ya kina usiguswe kabisa. Ukanda huo wavuvi wanaujua kuliko mimi. Samaki wadogo hujificha humo. Chini ya mafunjo hewa ni haba ndani ya maji, lakini kamongo na kambale wanapanda juu kuvuta pumzi, ndiyo maana hawashindwi kuishi mahali samaki wengine wanapokosa hewa. Tope linaloshuka kutoka mashambani nalo hunaswa humo. Kule Kampala, kinamasi cha Nakivubo kimekuwa kikipokea maji machafu ya jiji kabla hayajaingia Ziwa Viktoria. Sisi hatuna jiji, ila ng'ombe na mashamba tunayo.

Kuhusu mashamba: vijana wameuliza kwa nini tusifyeke tukapanda mpunga. Swali halali, mpunga unalipa. Lakini udongo ule mweusi ukikaushwa unaoza haraka na kunywea, na mavuno ya mwanzo humdanganya mkulima. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Na mkumbuke tunakaa ndani ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, hekta zaidi ya milioni tatu. Chama hakitamtetea mwanachama atakayekamatwa na jembe mle ndani.

Wazo la kuwapeleka watalii kumwona ndege korongo nyangumi na nzohe, yule swala wa kwenye vinamasi, bado linajadiliwa. Binafsi naona tusilitegemee sana, ndege yule hana miadi na mtu.

Vikapu vya mikono vyenye rangi vilivyobuniwa na kikundi cha wasichana vinapendwa Kigoma Mjini. Tatizo ni walanguzi wanaosubiri mtu awe na shida ya ada ya shule ndipo wataje bei. Kamati inaomba ruhusa yenu ya kukodi stoo ndogo karibu na stesheni ili mzigo ukae hadi bei ipande.

Baada ya taarifa ya mhazini tutapiga kura mbili: ya zamu za kukata na ya stoo. Wanaokata upande wa mwalo wasiondoke kabla ya kura ya kwanza, kwa sababu ramani ya zamu inaanza na sehemu yao.