Barua kwa Mama Baraka

Umoja, Nairobi

Mpendwa Mama Baraka,

Pokea salamu zangu na za Baba Musa. Tangu Jumanne uliponipigia ukilia pale langoni mwa shule, sijatulia. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu maneno hukatika, na haya nataka uyasome hata usiku ukiwa peke yako.

Mwalimu alikuambia mbele ya wazazi wenzako kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Dadangu, Baraka hakuharibiwa na malezi yako.

Musa wangu alipopelekwa kupimwa ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kukaza fikira, mtaalamu alimketisha mbele ya kompyuta. Herufi zinatokea moja moja. Abonyeze kitufe kwa kila herufi, ila akiona X aache. Nilikaa nyuma yake. Nilidhani atabonyeza ovyo mpaka mwisho. Kumbe mara anabonyeza upesi kabisa, mara anachelewa kama aliyesinzia, kisha upesi tena. Mguu wake ulikuwa ukigonga kiti bila kukoma, na jasho lilimtoka shingoni. Alikuwa anajitahidi, Mama Baraka. Kwa nguvu zake zote.

Baadaye nilisoma kwamba watafiti kama Jonna Kuntsi wa King's College London wameichunguza sana kasi hiyo isiyotulia. Hufuata ukoo. Hata ndugu wa mtoto mwenye ADHD, ambao wenyewe hawana hali hiyo, mara nyingi huonyesha kiasi chake wakipimwa.

Mtaalamu akaanza kuniuliza: huanza kazi akaiacha? Hupoteza vitu? Husahau agizo kabla hajafika mlangoni? Nilikuwa najibu kuhusu Musa huku namwona kaka yangu mkubwa. Muhula mmoja alipoteza sweta tatu, na kila sweta ilikuwa na viboko vyake. Shule aliiacha kidato cha pili. Tulimwita mzembe, hata mimi nilimwita hivyo, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Urithi katika ADHD ni mkubwa kuliko tulivyodhani. Mapacha waliotoka yai moja hufanana katika hali hii kuliko mapacha wa mayai mawili, na tafiti za mapacha zikijumlishwa zinaonyesha kwamba takriban asilimia 74 ya tofauti kati ya watu inatokana na urithi. Hiyo inakaribia kimo. Hesabu hiyo ni ya watu wengi wakilinganishwa; usimgawe Baraka ukasema sehemu hii ni damu na hii iliyobaki ni kosa langu.

Wala usitafute jeni moja ya kulaumu, wala upande mmoja wa ukoo. Mwaka 2023 jarida la Nature Genetics lilichapisha ulinganisho wa watu 38,691 wenye ADHD na wengine 186,843 wasio nayo. Zilionekana sehemu 27 za DNA, kila moja ikisukuma kidogo sana, na zipo nyingine nyingi zaidi. Kila mtu anabeba baadhi yake, huyo mwalimu pia. Kwa hiyo mtu akikuambia umlipe apime damu ya Baraka ili akuonyeshe ADHD, mkatalie. Kipimo hicho hakipo. Tena watu hao wote walikuwa wenye asili ya Ulaya, na kuachwa kwetu kunaniudhi kwa kweli. Nashukuru kwamba kule Kilifi watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pamoja na wenzao wa Cape Town, wameanza kuangalia jeni za watoto wa Afrika katika mradi wa NeuroDev.

Kuna utafiti mmoja wa hapa kwetu nimeurudia mara tatu. Ulitoka 2008, kuhusu Waariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Watafiti walipima jeni ya DRD4, inayohusika na namna ubongo unavyopokea dopamini, kemikali inayobeba ujumbe ndani yake. Aina yake moja imehusishwa na ADHD. Miongoni mwa wanaume waliokuwa bado wanahama na mifugo, wenye aina hiyo walikuwa na miili iliyoshiba kuliko wenzao. Kwa waliokwisha kuweka makao, faida hiyo haikuonekana. Ni jeni moja tu, sitaki kuijengea mambo makubwa. Lakini nilipousoma nilimkumbuka kaka yangu kwenye karakana yake Kariobangi, akichomelea mageti tangu asubuhi, vipimo vyote ameviandika kwa chaki kwenye bati la ukuta kwa sababu anajua havitakaa kichwani. Pale hakuna anayemwita mzembe.

Kwa Musa tumefanya vivyo hivyo. Agizo moja kwa wakati mmoja. Nikimtuma dukani vitu vitatu, anaviandika kiganjani. Dawa pia anatumia, daktari anamfuatilia, na kwake imesaidia. Ya Baraka mtaamua na daktari wenu.

Jumamosi njoo naye. Kaka atakuwepo, nimeshamwambia, na anataka kumwona Baraka. Mkishuka steji nipigie, Musa atakuja kuwapokea. Na kama bado hajapata ile sweta aliyoipoteza, usimnunulie nyingine. Ninazo mbili za Musa zilizombana.

Wako,
Mama Musa